Walimu wa Mazinde na masomo ya bahasha

Ukitoka Dar kwenda Arusha kwa basi, baada ya Mombo unapita Mazinde. Wengi wetu tunapita tumelala. Wanaoijua wataitaja kwa mkonge, au kwa Semboja, yule mtawala wa Kikilindi aliyekaa hapa karne ya 19 akinufaika na misafara ya biashara. Mimi leo nina hoja ya walimu.

Siku hizi mwalimu wa kata kama hii anajiendeleza kwa simu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wake wa kujifunzia mtandaoni: unaingia, unasoma moduli, kisha mnakutana shuleni na wenzako kujadili. Wameuita mpango huo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mjini tunausifia kana kwamba hatujawahi kuona kitu kama hicho. Wapi!

Chuo cha Ushirika Moshi kilianza 1963. Mwaka uliofuata kikaja Kituo cha Elimu ya Ushirika, na wanachama wa vyama vya wakulima wakawa wanasoma kwa posta, kwa redio na kwa vikundi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mwanachama asiyeweza kusoma mahesabu ya chama chake ataibiwa na katibu wake. Basi mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, na elimu ile ikabaki bila wenyewe.

Mwaka huo huo 1976 (historia ina utani wake) njia ile ile ikachukuliwa kwa walimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote waanze shule ifikapo 1977, na vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Waliishi vijijini, wakafundisha vipindi vichache kwa siku, muda uliobaki wakasoma masomo ya posta na kusikiliza redio. Mkufunzi aliwazungukia. Mwishoni wakaenda chuoni kwa wiki chache. Waliofuzu walizidi 35,000.

Tukawacheka. UPE, tukasema, ni "Ualimu Pasipo Elimu". Lakini wengi wa wazazi wetu walifundishwa kusoma na watu hao, na mimi sioni aibu kusema hivyo. Kasoro zilikuwepo, kubwa tu. Ila kijana yule alikuwa na mtu anayekuja kumwona akifundisha, akamwambia hapa umekosea. Simu haiji darasani.

Halafu kuna suala la gharama. Bando la kufungulia moduli analipa nani? Chama cha Walimu, kilichoundwa 1993, kimejulikana zaidi kwa madai ya maslahi na kwa makato ya asilimia 2 ya mshahara, makato ambayo wanachama wameyalalamikia miaka mingi. Wanaushirika wa Moshi walielewa kwamba kumsomesha mwanachama ni kazi ya chama chenyewe. Ningependa kuona sehemu ya asilimia 2 hiyo ikirudi Mazinde kama bando, na nauli ya mkufunzi.