Undugu wa Ng'ambo Mbili za Ruvuma

Wadachi na Wareno waliufanya mto Ruvuma kuwa mpaka kwa mapatano ya mwaka 1886; wenye nchi hawakuulizwa. Wamakua, Wamakonde na Wayao walikuwa wamekwisha kukaa ng'ambo zote mbili, na Wamakua na Wayao walioko Nachingwea na Ruangwa, jirani za Wamwera, asili ya wazee wao ni kusini ya mto. Mmakua akitaja nihimo yake, yaani ukoo wa upande wa mama, hupata ndugu hata kwa watu asiopata kuwaona.

Basi FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam, tarehe 25 Juni 1962, ilikuta mlango umekwisha kufunguliwa. Vita vilianza Septemba 1964, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa wapiganaji kambi ya mafunzo Nachingwea. Urafiki huo ulikuwa na gharama: wakimbizi walivuka kwa maelfu, na vijiji vya mpakani vilikaa katika hofu ya mabomu ya Wareno. Mwezi wa Mei 1975 Samora Machel aliuvuka mto kurudi kwao, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010.

Hivyo twaona ya kuwa serikali hizo mbili ziliukuta undugu huu tayari. Mwalimu afundishaye habari za mpaka na aanze na nihimo, kisha mkataba. Asije akawazoeza watoto kuwaita wageni watu wa ukoo wao.