Ua, Bendera na Kibati cha Shingoni

Kila tarehe 30 Novemba, hapa Rashidiya kama kwengineko katika Imarati, bendera hushushwa nusu mlingoti tangu asubuhi, na saa tano na nusu watu husimama kimya dakika moja kuwaombea mashahidi. Siku hii iliwekwa rasmi mwaka 2015, lakini tarehe yake ni ya mtu mmoja: Salim Suhail bin Khamis, askari polisi wa Ras al-Khaimah, aliyeuawa 30 Novemba 1971 Wairani walipokiteka kisiwa cha Tunb Kubwa.

Sisi tuliotoka Mwambao tunayo Novemba nyengine. Enzi ya Mwingereza, tarehe 11 ilipokaribia, wakubwa walibandika kifuani ua jekundu la popi, desturi iliyoenea Uingereza tangu 1921. Vita walivyovikumbuka vilifika hadi kwetu: manowari Pegasus ilizamishwa na Wajerumani bandarini Unguja 20 Septemba 1914, na mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani.

Na wapagazi je? Wao alama yao waliivaa wangali hai. Mpagazi wa Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza Kariakoo, alining'inizwa shingoni kibati chenye nambari. Maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Alipoanguka njiani, ua la kumbandikia halikuwepo, na mara nyingi hata kaburi halikujulikana.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ina maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa hati mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu. Basi hata mzee aliyesoma chuoni tu aliweza kuyasoma. Alichokikosa ni jina la ndugu yake, maana hakuna hata jina moja pale. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi: marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Salim ana jina, la baba yake na la babu yake. Msomaji ambaye jamaa yake alikwenda Kariakoo asirudi, naamwandike vivyo hivyo: fulani bin fulani bin fulani, na mtaa aliotokea. Na kibati kikiwamo sandukuni, anakili nambari yake.