Kibarua, Shamba Boi na Mtunza Bustani: Historia ya Majina na Bei ya Kazi ya Bustani za Nyumbani katika Miji ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Gharama ya kumwajiri mtu wa kutunza bustani ya nyumbani hujadiliwa kana kwamba ni suala la soko peke yake. Makala hii inafuatilia majina manne, yaani kibarua, shamba boi, kipande na posho, na kuonyesha jinsi kila jina lilivyobeba kanuni yake ya malipo tangu karne ya 19 hadi sheria za mishahara za leo. Hoja kuu ni kwamba bei ya kazi hii ilitangulia kuamuliwa katika istilahi kabla ya kuamuliwa katika mapatano, na kwamba jumuiya inayokusudia kufanya kazi zake kwa Kiswahili haina budi kuzipima upya istilahi hizo.

1. Utangulizi

Mwenye nyumba wa Kololo, Karen au Masaki anayetaka majani yafyekwe, ua wa miti upogolewe na vitalu vya maua vipaliliwe ana njia tatu za kulipata hitaji lake. Anaweza kumwita kibarua na kumlipa jioni. Anaweza kumwajiri shamba boi kwa mwezi, na pengine kumpa chumba nyuma ya nyumba. Anaweza pia kuita kampuni ya usanifu wa mandhari, ambayo itapima eneo na kumletea makadirio ya gharama yaliyopigwa chapa. Majani ni yaleyale na panga ni lilelile. Mara nyingi hata mikono inayolishika panga hilo ni ileile, kwa kuwa kampuni nayo hutafuta vibarua. Kinachobadilika ni jina la uhusiano, na bei hubadilika pamoja nalo.

Wanauchumi wana haki ya kusema kwamba bei hutokana na wingi wa watafuta kazi na uwezo wa mlipaji. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi kueleza kwa nini mapatano huanzia mahali fulani na si pengine, wala kwa nini sheria humweka mtu huyu katika kifungu kimoja badala ya kingine. Majibu ya maswali hayo yamo katika historia ya maneno.

2. Kibarua: hati iliyogeuka mtu

Neno kibarua ni udogo wa barua. Katika Unguja na miji ya pwani ya karne ya 19, mtu aliyekodishwa kwa siku, kwa mfano kusafisha sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara wa kigeni au kubeba mizigo, alipewa cheti kidogo kilichothibitisha kwamba amefanya kazi, kisha akakibadilisha kwa fedha. Wengi wa waliokodishwa hivyo walikuwa watumwa. Sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana wao na sehemu ikabaki mikononi mwao. Baada ya muda jina la cheti likahamia kwa mwenye kukishika, na leo wasemaji husema "kibarua amefika" bila kukumbuka karatasi.

Mabadiliko hayo ya maana yanafundisha mambo mawili. Kwanza, mfanyakazi alitambuliwa kwa uthibitisho wa siku moja na si kwa ujuzi. Fundi alibaki fundi hata asipokuwa na kazi, lakini kibarua alikuwa kibarua kwa siku ile aliyopewa cheti. Pili, ujira wa siku haukubeba wajibu wa kesho. Mvua ikinyesha mfululizo au mwajiri akisafiri, hakuna anachodai. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini kanuni ya kulipia siku tupu ilirithiwa na miji iliyokuja baadaye.

3. Shamba lililoingia mjini

Katika Kiswahili cha pwani, shamba na mji ni vinyume. Shamba ni mahali pa minazi na mikarafuu, nje ya mji, na mshamba ni mtu asiyejua adabu za mjini. Nyumba ya mjini ilikuwa na ua, yaani uwanja uliozungushiwa ukuta au makuti, ambao ulikuwa mahali pa wanawake, wa kupikia na wa kufulia. Palipopandwa miti ya matunda na maua ya kunukia paliitwa bustani, neno lenye asili ya Kiajemi lililopitia Kiarabu. Kwa hiyo lugha ilikuwa na neno lake kamili kwa bustani ya starehe kabla ya utawala wa kikoloni.

Vitongoji vya Wazungu vilileta mpangilio tofauti. Muthaiga na Karen huko Nairobi, Nakasero na Kololo huko Kampala, na Oyster Bay huko Dar es Salaam vilijengwa kwa viwanja vikubwa, nyumba ikiwa katikati na majani mafupi mbele yake ili yaonekane. Mwaka 1934 ulichapishwa mwongozo wa Gardening in East Africa, uliohaririwa na A. J. Jex-Blake na kuandikwa na wanachama wa chama cha kilimo cha bustani cha Kenya pamoja na watumishi wa serikali za Kenya na Uganda. Kitabu hicho ni ushahidi kwamba bustani ya nyumbani ilihesabiwa kuwa elimu yenye fasihi yake. Ujuzi uliandikwa kwa jina la mwenye nyumba, na jasho likabaki la mtu mwingine.

Mtu huyo hakuitwa mtunza bustani. Katika Kiswahili cha walowezi, ambacho Anthony Vitale alikichunguza mwaka 1980 kwa jina la Kisetla, msamiati ulipunguzwa hadi kile kilichohitajika kutolea amri. Miongozo ya lugha kama ule wa F. H. Le Breton wa mwaka 1936, Up-Country Swahili, iliwalenga wazi askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Katika lugha hiyo neno shamba lilipanuka likameza bustani, na kila ardhi iliyolimwa ikawa shamba, hata kitalu cha mawaridi mbele ya dirisha la sebule. Likaunganishwa na boi, neno la Kiingereza la mtoto wa kiume, ambalo halikujali umri wa anayeitwa. Shamba boi akawa mtu mzima aliyeitwa mtoto, akifanya kazi ya mjini iliyoitwa ya shamba. Majina yote mawili yalimshusha. Boi lilimnyima mshahara wa mtu mwenye familia, na shamba likamnyima heshima ya fundi wa mjini.

4. Kipande na posho

Neno la tatu ni kipande. Katika Tanganyika ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama, na mshahara wa "mwezi" ulilipwa alama zilipotimia, hata kama zilichukua zaidi ya mwezi wa kalenda. Nchini Kenya neno hilohilo lilipata maana kali zaidi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba hati yenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kasha la chuma lililoning'inizwa shingoni. Hati hiyo ilionyesha pia mshahara alioulipwa. Mwajiri mpya alisoma bei ya zamani kabla ya kuuliza uwezo wa mtu. Mfanyakazi aliyejifunza kupogoa, kuotesha miche na kukinga mimea na wadudu alikuta ujuzi wake umekwisha kupangiwa bei kifuani pake. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1947, lakini desturi ya kuuliza "ulikuwa unalipwa ngapi?" haikufutwa nao.

Sehemu nyingine ya malipo ilikuwa posho, yaani chakula, pamoja na malazi. Nyuma ya nyumba kubwa vilijengwa vyumba vya watumishi, ambavyo Nairobi na Kampala bado vinatajwa kwa jina la boi. Chumba kilionekana kuwa hisani. Kwa hesabu, kilikuwa sehemu ya ujira iliyolipwa kwa kitu ambacho mfanyakazi hakuweza kukiuza, kukirithisha wala kukaa nacho baada ya kuachishwa.

5. Waliojitetea na waliosahauliwa

Watumishi wa majumbani hawakunyamaza. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1940 kilikuwapo chama cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Kiafrika, na mwaka 1956 watumishi wa majumbani na wa hoteli waligoma wakidai hali bora. John Iliffe ameyaeleza matukio hayo katika historia ya Tanganyika. Jina la chama hicho lina la kumfaa mtafiti wa lugha. Mpishi ametajwa, dobi ametajwa, lakini mtunza bustani hakutajwa kwa kazi yake. Alihesabiwa, kama alihesabiwa, ndani ya neno la jumla.

Magharibi zaidi, huko Lubumbashi, André Yav aliandika mwaka 1965 Vocabulaire de Ville de Elisabethville, historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa majumbani. Johannes Fabian aliihariri na kuichapisha mwaka 1990. Umuhimu wake kwa mjadala huu ni kwamba waliopewa jina la boyi wenyewe walilishika Kiswahili na kukitumia kuandikia historia ya mji. Lugha iliyopunguzwa ili ibebe amri ilitosha kubeba kumbukumbu na madai.

6. Urithi katika sheria za leo

Baada ya uhuru majina ya kikoloni yaliondolewa katika maandishi rasmi, lakini migawanyo yake ilibaki. Nchini Kenya, amri ya jumla ya mishahara humweka mtunza bustani katika kundi moja la vibarua wa kawaida, pamoja na mfagiaji, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Kwa amri ya mwaka 2022, kima cha chini cha kundi hilo jijini Nairobi kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Mwaka huohuo, kima cha chini cha mfanyakazi asiye na ujuzi katika kilimo kilikuwa shilingi 7,544.66, pungufu ya nusu ya kile cha kwanza. Kwa hiyo mpaka kati ya bustani na shamba si wa kisarufi tu. Mtu anayefyeka majani mbele ya nyumba na kulima sukumawiki nyuma yake anasimama juu ya mstari unaogawa ujira mara mbili. Tena, katika makundi yote mawili ujuzi wake hauna kifungu.

Nchini Tanzania, amri ya mwaka 2013 ilipanga ujira wa wafanyakazi wa majumbani kwa kumtazama mwajiri na si kazi. Aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa alipangiwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na wa ofisa mwenye stahili 130,000. Kwa waajiri wengine, asiyeishi kwa mwajiri alipangiwa 80,000 na anayeishi humo 40,000. Amri ya mwaka 2022 ilipandisha viwango viwili vya mwisho hadi 120,000 na 60,000. Katika amri zote mbili, chumba na chakula vimethaminiwa kwa nusu kamili ya ujira. Posho ya kikoloni imeendelea kuishi bila jina lake.

Nchini Uganda tatizo ni tofauti. Kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984. Mwaka 1987 sarafu ilibadilishwa na sifuri mbili zikaondolewa, hata maana ya tarakimu hiyo ikawa na utata. Mswada wa kuweka utaratibu mpya ulipitishwa na Bunge mwaka 2019, lakini Rais hakuuridhia. Palipo na kimya cha sheria, jina la mtaani ndilo linalopanga bei, na jina linalosikika zaidi Kampala ni lilelile la shamba boi.

7. Hitimisho

Kuna hofu ya haki kwamba kupandisha ujira kutawafanya wenye nyumba wa kipato cha kati wawaachishe watunza bustani wao. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, lakini inahusu kiwango, na haigusi uainishaji. Hata pale ambapo kiwango hakitabadilika mara moja, mambo matatu yanaweza kurekebishwa.

Kwanza, istilahi rasmi zitenganishe kazi ya bustani na kibarua cha jumla, na ndani yake zitambue daraja za ujuzi. Kufyeka si kupogoa, na kunyunyiza dawa za wadudu ni kazi yenye hatari yake. Pili, malazi na chakula vitajwe kwa thamani iliyo wazi katika mkataba, ili mfanyakazi ajue anachokatwa na mwajiri ajue anacholipa. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iihesabu kazi hii miongoni mwa nyanja za usanifishaji. Itifaki ya Soko la Pamoja imeruhusu tangu mwaka 2010 watu na kazi kuvuka mipaka, lakini mtunza bustani anayetoka Bujumbura kwenda Nairobi huvuka akiwa na ujuzi usio na jina linalotambulika pande zote mbili.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unatambua kazi inayofanywa katika kaya au kwa ajili ya kaya kuwa kazi kama nyingine, na unatamka kwamba masharti yake yaelezwe kwa mfanyakazi kwa namna anayoielewa. Kwa sehemu kubwa ya wafanyakazi wa kanda hii, namna hiyo ni Kiswahili. Neno mtunza bustani lipo tayari katika lugha, nalo linataja kazi pamoja na ujuzi. Linachokosa ni kifungu cha sheria kinacholitumia na mkataba unaolitaja.