Mfarishi wa vipande

Fungua kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiswahili, tafuta neno quilt, na jibu utakalolikuta ni mfarishi. Ni neno la zamani ambalo leo hulisikii dukani wala kwa fundi. Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, ndiko lisikosikika kabisa. Huko cha kujifunika ni blanketi, kitenge ni kikwembe, nguo kwa jumla ni bilamba, na mengine yote hukopwa Kifaransa bila kuomba radhi. Basi bibi anayetaka mjukuu wake ashonewe mfarishi mwepesi, wa vitambaa viwili au vitatu tu, amwambie nini fundi? Akisema "blanketi la viraka", fundi atamwelewa vibaya, na kosa halitakuwa la fundi.

Kitu chenyewe kwanza. Mfarishi una tabaka tatu. Juu ni uso, uliounganishwa kwa vipande vya vitambaa. Katikati ni pamba au blanketi jepesi. Chini ni mgongo, kitambaa kimoja kizima. Halafu kuna mshono unaopenya tabaka zote tatu, kutoka usoni hadi mgongoni, ili zisitembee. Mshono huo ndio mfarishi. Ukiukosa, ulicho nacho ni foronya pana iliyotiwa pamba, na ukiifua mara moja pamba yote itakimbilia pembe moja.

Quilt inatokana na culcita ya Kilatini, yaani godoro. Courtepointe ya Kifaransa, ambayo msomaji wa Kolwezi huenda akaikuta kwenye kitabu cha ushonaji, ni godoro hilohilo "lililochomwa sindano". Ile courte inayodhaniwa kumaanisha fupi ni neno la kale lililopotoshwa na masikio ya watu. Mfarishi una mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutandika. Hapo Kiswahili kimewapita wenzake, kwa sababu mfarishi wa mtoto mchanga kazi yake hasa ni kutandikwa. American Academy of Pediatrics inashauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asiachiwe blanketi wala nguo laini isiyobana pale anapolala, kwa hofu ya kuzibwa pumzi. Kwa hiyo mfarishi tunaouzungumzia ni wa sakafuni, wa mapajani, wa kumzungushia mtoto akiwa mikononi mwa mtu aliye macho. Usiku si wake.

Ugumu uko kwenye sehemu ya pili ya jina. Wengi wanaotafsiri mambo ya ushonaji huandika "viraka", nami naona wanakosea. Kiraka ni dawa ya tundu. Suruali ya shule hutiwa kiraka, tairi hutiwa kiraka, barabara hutiwa viraka mvua zikianza kuitafuna. Na Kolwezi neno hilo lina uzito wake. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, uzalishaji wa shaba wa kampuni ya Gécamines ukaanguka katika miaka iliyofuata, na wafanyakazi wakakaa miezi na miezi bila mshahara. Waliokua katika nyumba hizo wanajua kiraka ni nini. Umpelekee mama aliyejifungua juzi "blanketi la viraka" kama zawadi, naye atashukuru kwa adabu, kisha ataliweka chini kabisa ya sanduku.

Kipande ni kitu kingine. Hakuna tundu mahali. Umekikata kwa kupenda, kwa kipimo, kikae jirani na mwenzake. (Kenya wazee wana kipande chao kingine, kile cheti cha kazi ambacho wakoloni waliwavisha wanaume shingoni tangu miaka ya 1920, lakini hicho hakitatusumbua Kolwezi.) Mpaka kati ya kiraka na kipande si ukuta, nakubali. Majirani wa Kasai wanao mfano: sketi ndefu za rafia za Wakuba zimejaa vitambaa vidogo vilivyoshonewa juu, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba vilianza kama viraka vya kuziba matundu yaliyotokea rafia ilipotwangwa ili ilainike, kisha vikawa pambo linalotafutwa kwa makusudi. Ila huko kiraka kilipandishwa cheo na vizazi vya mafundi. Fundi wa Kolwezi anayeshona mfarishi wa mtoto wiki hii hana vizazi vya kusubiri.

Anachoweza kufanya ni kupunguza vitambaa. Hapa ndipo jina na mtindo vinapokutana. Uso wenye vitambaa kumi na viwili tofauti, kila kimoja na maua yake, mtu akiutazama haoni mpango. Anaona masalia ya meza ya fundi, yaani viraka. Uso wenye vitambaa viwili vinavyopishana huonyesha mpango tangu mlangoni, na hakuna atakayeuliza kama nguo ilichanika. Ndiyo maana natetea vitambaa vichache, wala si kwa kubana matumizi, ingawa mfuko nao utafurahi.

Mtindo wenyewe uitweje? Wataalamu wa lugha wana "ruwaza", neno zuri kwa hesabu na isimu. Mtaani Kongo mteja huonyesha picha na kusema modeli. Sioni sababu ya kumnyang'anya. Modeli tatu zinatosha kwa anayeanza. Ya milia ndiyo rahisi kuliko zote: vitambaa virefu vinashonwa ubavu kwa ubavu, basi. Ya drafti ni miraba ya rangi mbili inayopishana kama ubao wa mchezo huo, ambao Kolwezi wengi wanauita dame. Ya tatu naiazima kwenye kanga: mji na pindo. Mji ni uwanja wa katikati, pindo ni ukanda unaouzunguka, na msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Uchaguzi kati ya hizo tatu hutegemea kikwembe kilichoko mkononi. Vikwembe vingi vya wax vina michoro mikubwa: ndege, mapepeo, maua mapana kuliko sahani. Ukikata michoro hiyo kuwa miraba midogo utapata mabawa yasiyo na ndege. Kikwembe cha namna hiyo kipewe mji, kizungushiwe pindo la rangi moja, kiachwe kijieleze. Michoro midogo inayojirudia ndiyo ya drafti.

Tuipige hesabu drafti. Kikwembe kimoja ni yadi 2, karibu sentimita 183, na upana wake ni kama sentimita 115. Pisi nzima sokoni ni yadi 6, yaani vikwembe vitatu. Mfarishi uwe na miraba 6 kwa upana na 7 kwa urefu, kila mraba sentimita 15 ukishashonwa: jumla miraba 42, na mfarishi wa sentimita 90 kwa 105. Kila mraba ukatwe sentimita 16.5, kwa kuwa robo tatu ya sentimita humezwa kila upande. Hiyo naiita akiba ya mshono. Sasa kata kwanza mgongo kwenye kikwembe, sentimita 112 za urefu kwa upana wake wote. Zinabaki sentimita 71. Humo zinatoka kanda 4 za sentimita 16.5, kila ukanda unatoa miraba 6, unapata 24 nawe unahitaji 21. Kikwembe kimoja kimetoa mgongo mzima na nusu ya uso, na bado una miraba 3 ya kufidia mkasi ukiteleza.

Nusu ya pili ya uso hutoka kwenye kitambaa cha rangi moja. Kanda 4 tena za miraba, sentimita 66; kisha kanda 4 za sentimita 6 ukiziunganisha ziwe utepe wa kuzungushia kingo, sentimita 24. Mita moja inatosha na inabaki. Utepe huu usiuite pindo. Pindo ni sehemu ya uso na huonekana kama pambo. Utepe hukunjwa juu ya ukingo na kufunga tabaka tatu kwa pamoja, nao ndio unaochakaa kwanza. Mtu akiyachanganya majina haya mawili kwenye oda, atapata kitu ambacho hakukiagiza.

Kitambaa hicho cha rangi moja kina majina mengi kwa Kiswahili kuliko tunavyokumbuka. Kaniki ni cheusi au buluu iliyokolea. Bafta ni cheupe chepesi. Marekani ni pamba isiyopaushwa, iliyopata jina kwa sababu karne ya 19 ilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts ikaletwa Unguja kwa merikebu za Salem. Misafara iliibeba hadi barani kama fedha, na mmoja wa wafalme waliobadilishana vitambaa na pembe za ndovu na shaba alikuwa Msiri, ambaye mji wake, Bunkeya, leo umo ndani ya mkoa wa Lualaba, ulimo Kolwezi pia. Aliuawa Desemba 1891, wageni walipomjia kwa ajili ya ardhi ile yenye shaba. Shaba iliondoka, pamba ikaingia. Biashara hiyo ni ya zamani kuliko mji wa Kolwezi wenyewe. Marekani inafaa mfarishi wa mtoto kuliko vitambaa vya nailoni vinavyong'aa: inanyonya jasho na haitelezi chini ya mashine.

Tabaka la kati wengine huliita ujazo, lakini ujazo tumekwisha kuupa kazi katika hesabu. Kusema "pamba ya kati" ni wazi zaidi, hata pale ambapo si pamba. Pwani wangefikiria sufi ya kwenye mito na magodoro, ambayo hapa haifai kwa sababu huvimba na kujikusanya. Kolwezi iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu na nyuzi 10, kwa hiyo mtu hushawishika kuweka kitu kinene. Asiweke. Blanketi jepesi la pamba la mitumba, lililokwisha kufuliwa mara nyingi, linatosha. Mashine ya kawaida inalipenya, na jua la mchana mmoja linalikausha.

Kukauka upesi si jambo dogo huko. Malori ya madini yanapita, barabara za mitaani hazina lami, na vumbi linaingia hadi chumbani. Katika mtaa wa Kasulo, ambako kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu na wachimbaji wakaanza kuchimba uani mwao mwaka 2014, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability ulipima miili ya wakazi na kuilinganisha na ya watu wa mtaa wa jirani. Wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa hasa kwa watoto. Mfarishi hautibu jambo la namna hiyo. Lakini mtoto anayejifunza kukaa na kutambaa atakuwa sakafuni, na kinachotandikwa chini yake lazima kifuliwe tena na tena. Hiyo ni sababu nyingine ya vitambaa vichache: vitambaa viwili unaweza kuvijaribu, kumi na viwili huwezi. Loweka kila kimoja peke yake kwenye maji ya vuguvugu kabla hujagusa mkasi, ukiweka kitambaa cheupe ndani ya beseni. Kikwembe cha bei ya chini kikitoa rangi, kitoe hapo, kisije kuitia marekani madoadoa baada ya kazi yote. Na kikitaka kunywea, kinywee kabla ya kupimwa.

Limebaki jina la kazi ya mshono ule unaopenya tabaka tatu. "Kudarizi" si sahihi, maana kudarizi ni kupamba. "Kushikiza" ni kushona kwa muda, uzi ukaja kutolewa. Mafundi wa kofia za viua wa Lamu na Unguja hupitisha sindano kwenye vitambaa viwili vilivyolazwa pamoja, nao husema tu wanashona kofia. Napendekeza "kushona tabaka", na mstari wenyewe uwe "mshono wa tabaka". Halina mvuto, najua, lakini mtu akilisikia mara ya kwanza anajua mkono uende wapi.

Kwa hiyo oda, kwa Kiswahili cha Kolwezi, inaweza kuwa fupi hivi: "Papa, unishonee mufarishi ya mutoto, bilamba mbili tu, modeli ya dame." Fundi akiuliza katikati kunawekwa nini, ujue jina limefanya kazi yake.

Atauliza pia kama afunge vifundo badala ya kushona tabaka, maana vifundo, kimoja kwenye kila pembe ya mraba, ni kazi ya saa moja. Kwa mtu mzima sawa. Mtoto wa miezi sita atavivuta, na kinachong'oka kitaenda mdomoni. Ni heri mistari ya mshazari, kutoka kona hadi kona ya kila mraba, ianzie katikati ya mfarishi kuelekea kingo. Ukianzia ukingoni mgongo utajikunja, na mikunjo hiyo hutaiona mpaka uugeuze.