Mteremko wa Mai Mahiu

Msomaji, ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru kwa njia ya chini, ukifika Rironi utaiacha barabara kuu na kuishika ile iteremkayo ukingo wa Bonde la Ufa. Mbele yako utauona mlima Longonot, kushoto mlima Suswa, na bonde lote limetandazwa chini kama mkeka. Njia yenyewe ni nyembamba, yapinda huku na huku, na malori huipanda kwa kunguruma na kuishuka kwa hadhari. Karibu na mwisho wa mteremko, kabla hujafika Mai Mahiu, utaona kanisa dogo kando ya njia. Abiria wengi hulipita bila kulitazama. Nakuomba wewe ulitazame, kwa maana habari ninayotaka kukusimulia yaanzia hapo.

Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1942 na Waitalia, nao hawakuwa wamisionari. Walikuwa mateka wa vita. Italia iliingia katika Vita Vikuu vya Pili mwezi wa Juni 1940, na mwaka uliofuata majeshi ya Waingereza yaliyotoka Kenya yakaingia Mogadishu, kisha Addis Ababa. Makumi ya maelfu ya Waitalia wakatekwa, na wengi wakaletwa Kenya na kuwekwa katika kambi za Nanyuki, Gilgil, Naivasha, Londiani na kwingineko. Miongoni mwao walikuwamo waashi, wahandisi na mafundi wa magari. Barabara hii ya ukingoni ni kazi ya mikono yao. Walikata mwamba, wakajenga kuta za kuzuia udongo, na katikati ya kazi hiyo wakajijengea mahali pa kusali.

Italia ilipojitoa vitani mwezi wa Septemba 1943, mateka waliokubali kushirikiana na Waingereza walilegezewa ulinzi, wakafanya kazi mashambani na katika karakana. Vita vilipokwisha wengi walirudishwa kwao, na baadhi yao wakaishi Kenya wakiendesha kazi za ufundi na ujenzi. Angalia jambo moja hapa. Mateka aliyefika nyumbani hakuulizwa alitenda kosa gani hata akafungwa. Miaka yake ya kambini ilihesabiwa kuwa bahati mbaya, na ufundi wake ulibaki kuwa wake.

Katika miaka hiyo hiyo vijana wengi wa Kiafrika walifundishwa udereva jeshini, wakaendesha malori huko Uhabeshi na Burma. Baada ya mwaka 1945 walirudi na ufundi huo mikononi, na wengi wakaajiriwa kuendesha malori, mabasi na teksi. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi kikapata nguvu chini ya uongozi wa Fred Kubai. Bila shaka jina hilo umelisoma katika habari za Kapenguria. Alikamatwa mwezi wa Oktoba 1952 pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao, na mwezi wa Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Alipoachiliwa mwaka 1961 alikuwa shujaa, na mwaka 1963 watu wa Nakuru Mashariki wakamchagua awe mbunge wao.

Lakini si kila aliyetoka kizuizini alikwenda bungeni. Maelfu ya mahabusu wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa mwezi wa Januari 1960, walikuwa watu wa kawaida, na madereva walikuwamo. Walichimba mifereji na kulima. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, ulijengwa kwa jasho la mahabusu na wafungwa. Na mtu alipoachiliwa, kama alikuwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru, hakuwa na ruhusa ya kwenda atakako; alitakiwa kuwa na kibali ndipo asafiri. Dereva asiyeweza kuvuka mpaka wa wilaya yake ni dereva wa nini? Lango la kambi lilifunguliwa, nayo barabara ikabaki imefungwa.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama mateka, mahabusu na mfungwa si watu wale wale, maadamu wote hulala nyuma ya seng'enge. La, si wale wale. Wa kwanza alishindwa vitani, wa pili aliogopwa na serikali, wa tatu alihukumiwa na mahakama kwa kumkosea mwenzake. Huyu wa tatu hajengewi sanamu, wala sisemi ajengewe. Lakini yeye pia siku moja hutoka, na swali la barabara humngoja pale pale langoni.

Na ni ajabu jinsi barabara zetu zinavyomtegemea. Hebu tazama bamba la nambari la gari lolote la Kenya: limetengenezwa na wafungwa katika gereza la Kamiti. Pale Naivasha, safari fupi kutoka Mai Mahiu, lipo gereza kuu jingine. Magerezani hufundishwa useremala, ushonaji na uhunzi, na hayo ni mema. Hata hivyo, mtu atokaye Naivasha leo hupita mahali ambapo riziki iliyo wazi kuliko zote ni malori. Reli mpya ilifika Mai Mahiu mwaka 2019, na makontena hupakiwa huko yakaelekea Uganda na mbele zaidi; bila kutaja mawe, mchanga, viazi na kabeji za kila siku.

Udereva wa lori si kushika usukani tu. Lazima mtu apate leseni ya mwanafunzi, aende shule ya udereva, ajifunze alama za barabarani, kisha atahiniwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi, iliyoundwa mwaka 2012. Mteremko wenyewe ndio mwalimu mkali. Lori lenye mzigo mzito haliteremshwi kwa breki. Ukizikanyaga mfululizo hupata moto, na breki zenye moto hazishiki. Dereva mwema huchagua gia ndogo kabla mteremko haujaanza, akaiacha injini ilizuie gari, na breki akazitumia kidogo kidogo. Kabla ya hayo hutazama kipimo cha upepo wa breki. Mpumbavu hutoa gia ili abane mafuta, na mabaki ya magari ya wapumbavu nimeyaona mwenyewe bondeni.

Jirani yangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alifungwa ujanani kwa wizi. Alipotoka alikuwa utingo wa lori kwa miaka miwili, akilala juu ya maturubai, huku akiweka akiba ya karo ya shule ya udereva. Leseni aliipata. Kisha akaambiwa alete cheti cha mwenendo mwema, ambacho polisi wa upelelezi hukitoa baada ya kuchukua alama za vidole, nacho hakimsahau aliyehukumiwa. Waajiri watatu wakamkataa. Siwalaumu sana, lori na shehena yake ni mali ya mamilioni, na wezi wa mizigo wapo. Aliniomba mimi, mwalimu, nimwandikie barua ya kumdhamini. Ndugu msomaji, barua hiyo niliikawiza wiki mbili nzima. Niliogopa jina langu. Nilikuwa nikifundisha habari za mateka na mahabusu kwa sauti kubwa darasani, na nyumbani nikakaa na karatasi tupu mezani.

Nilimwandikia mwishowe. Mfanyabiashara mmoja wa mawe ya ujenzi akamjaribu kwa mwezi mmoja, kisha mwingine, na huu ni mwaka wa nne. Siku moja alinichukua kutoka Rironi, nikaketi kando yake kimya. Alipunguza gia juu kabisa, akateremka polepole hata magari madogo yakatupigia honi kwa hasira, naye hakuyajibu. Tulipolifikia kanisa la Waitalia aliniambia kwamba hiyo ndiyo alama yake, kuwa kuanzia pale mteremko wa hatari umekwisha. Akabadili gia, tukaingia Mai Mahiu.