Kalibu ya Risasi katika Nchi ya Wahunzi

Buha, nchi ya milima ambayo sehemu yake kubwa imo katika Kasulu na Kibondo, ilisifika tangu kale kwa wahunzi wake. Watu wa Heru na wa Muhambwe walipata majembe, mashoka na mikuki kutokana na mawe ya chuma yaliyochomwa katika tanuri za udongo. Msomaji aweza kudhani kwamba bunduki zilipoenea bara katika karne ya 19, Mha hakuwa na haja ya kumtegemea mgeni kwa risasi. Mambo hayakuwa hivyo, na sababu yake yafaa ielezwe darasani.

Tanuri la kienyeji lilitenganisha chuma na mawe, lakini halikukifanya chuma kiwe maji. Kilichotoka ni bonge lililochanganyika na takataka, ambalo mhunzi alilifua kwa nyundo mpaka likatakata. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto linalopatikana hata katika moto wa mafiga. Ufundi wa Mha, basi, ulikuwa wa kufua, ilhali kalibu ni chombo cha kumiminia. Kilichohitajika kujaza kalibu kililetwa na misafara ya pwani iliyofika Ujiji, mji ambao Burton na Speke waliufikia Februari 1858 na kuwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiujua tayari. Lugha yenyewe yashuhudia: madini na kile kirushwacho kwa bunduki vyote twaviita risasi, nalo neno kalibu asili yake ni Kiarabu, na wataalamu wengi huona kwamba ndilo lililowapa Wazungu neno lao la kutajia upana wa mtutu.

Upana huo ndio kiini cha habari. Mwenye gobori alitakiwa kupata kalibu inayolingana na mtutu wake. Risasi ikizidi, mdeki hauwezi kuishindilia. Ikipungua, gesi ya baruti hupenya kandoni na nguvu hupotea bure. Madini laini yakimiminwa hutoka na uviringo mwema. Kipande cha chuma kilichofuliwa huwa na pembe, tena kwa ugumu wake huukwaruza mtutu, hivyo hapana budi kiwe chembamba kuliko tundu lake. Pengo lililobaki huzibwa kwa kitambaa au nyuzi za mmea.

Kizibo hicho asidharauliwe mtu aliyekitumia. Risasi za bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, waliyopewa askari wengi wa koloni, zilivikwa karatasi na kuwekewa nta kitakoni kwa shabaha ile ile. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wa Marekani walibuni kikombe kidogo cha shaba cha kuvishwa kitako cha risasi, ili kiikinge na gesi kali ya baruti mpya. Kikombe hicho chataka kalibu yake maalumu, iliyochongwa ngazi nyembamba kitakoni. Kalibu ya kitako bapa haikifai. Gobori, lenye baruti nyeusi na msukumo wa wastani, halikuhitaji shaba, kitambaa kilitosha.

Pengo kubwa zaidi lilichimbwa mezani. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha na baruti kuingizwa kwa ajili ya Waafrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, ila bunduki za gumegume zisizo na mifereji mtutuni, pamoja na baruti ya kawaida. Ulitangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na biashara hiyo kweli ilitumia bunduki nyingi. Hata hivyo walioutia sahihi walijiachia silaha bora kwa majeshi yao wenyewe. Anayesema kwamba mababu walishindwa kwa kutoelewa bunduki na ausome kwanza mkataba huo.

Gobori halikutoweka. Katika mikoa ya magharibi mafundi wa vijijini waliendelea kuliunda, mara nyingine kwa bomba la maji, ingawa sheria ya silaha ya mwaka 2015 yataka kila silaha iwe na leseni. Mitutu ya namna hiyo haifanani, na kalibu iliyomfaa mmoja haikumsaidia jirani yake.