Ridhaa Kabla ya Sindano: Chanjo ya Wajawazito katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mjamzito wa Kayole, Umoja au Dandora anapoanza kliniki, siku hiyo ya kwanza hupitia mikono mingi. Hupimwa uzito na shinikizo la damu, hutoa mkojo na damu, hupokea vidonge vya kuongeza damu, kisha huambiwa akunje mkono wa blauzi. Sindano ya pepopunda huingia, tarehe ikaandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto, na anayefuata akaitwa. Ni nadra mtu kukataa. Takwimu za afya zitaihesabu dozi hiyo kuwa mafanikio, na ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo, mara nyingi katika dakika zile chache hakuna aliyemwuliza kama anakubali, wala aliyemweleza dawa hiyo inafanya kazi gani mwilini mwake na mwa mtoto. Amechanjwa, lakini hajaamua.

Wasiwasi wa wanawake kuhusu chanjo tumezoea kuueleza kwa uhaba wa elimu au kwa nguvu za uvumi. Naona maelezo hayo yanapita pembeni mwa tatizo. Kukubali ambako hakukuombwa hudumu maadamu hakuna sauti nyingine inayopinga. Siku sauti hiyo ikija, iwe kutoka mimbarini, kwa mama mkwe au kwenye simu, mwanamke hana cha kuipimia, kwa sababu hata mara moja hakupewa sababu ya kile alichokikubali. Hoja ya makala haya ni kwamba ridhaa ni sehemu ya chanjo yenyewe, na kwamba historia ya karibuni ya Kenya inaonyesha gharama ya kuiruka.

Kwanza niseme wazi upande niliopo. Chanjo ya pepopunda kwa mjamzito ni miongoni mwa huduma zenye manufaa makubwa kuliko zote zinazotolewa katika vituo vyetu. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, na humwingia mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu au kupakwa kitu kisicho safi. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha taya hukaza na kunyonya kunamshinda. Baadaye mwili mzima hukakamaa, na mguso mdogo, sauti au mwanga humtia mshtuko. Asipotibiwa, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 1988 watoto wachanga 787,000 walikufa kwa ugonjwa huu duniani. Kufikia mwaka 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hadi takriban 25,000. Kushuka huko kumetokana kwa sehemu kubwa na mama kuchanjwa na kujifungua mahali safi. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba, ndiyo maana mtoto huzaliwa akiwa tayari na ulinzi ambao yeye mwenyewe hajaweza kuutengeneza.

Mama wa Buruburu anayepanga kujifungulia hospitalini anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: ikiwa wembe utakuwa safi, sindano ya nini? Swali hili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, mpango wa kujifungulia hospitalini hauko mikononi mwake peke yake. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma tangu Juni hadi Novemba. Machi 27, 2020, kwa ajili ya Korona, serikali ilianza kutekeleza kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kina mama walioshikwa na uchungu usiku wakakosa gari. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba daktari Jemimah Kariuki wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta alianzisha huduma ya usafiri wa bure kwa wajawazito. Pili, pepopunda haiambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Kwa surua, jirani aliyechanjwa anaweza kumkinga mtoto wako bila hata kujua. Kwa pepopunda hilo halipo: hata mtaa mzima wa Komarock ukichanjwa, kitovu cha mtoto wako kitategemea kingamwili zako wewe. Mwanamke akielezwa hivyo, anaelewa kwa nini anaombwa, na kwa nini yeye hasa.

Mwaka 2014 maelezo ya aina hiyo ndiyo yaliyokosekana. Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilikuwa ikiendesha kampeni ya pepopunda iliyoanza Oktoba 2013 na kurudiwa Machi na Oktoba 2014 katika maeneo yaliyohesabiwa kuwa na hatari kubwa. Waliolengwa walikuwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa, wawe na mimba au wasiwe nayo. Novemba 2014 maaskofu Wakatoliki, wakiungwa mkono na Chama cha Madaktari Wakatoliki Kenya, walitangaza kwamba vipimo walivyoagiza vilionyesha chanjo hiyo ina homoni ya hCG, ile ya ujauzito, na kwamba kampeni ilikuwa mbinu ya kufunga uzazi wa wanawake. Waziri wa Afya James Macharia alikanusha. Wizara na Shirika la Afya Duniani walieleza kuwa vipimo vilivyotumika vilitengenezwa kwa damu na mkojo wa binadamu, na havifai kupima dawa iliyo kwenye chupa. Pande mbili ziliunda kamati ya pamoja, nayo haikumaliza ubishi. Septemba 2017, kati ya chaguzi mbili za urais, Raila Odinga aliyafufua madai hayo hadharani.

Madai yenyewe hayasimami. Sindano ya pepopunda imekuwa ikitolewa kwa wajawazito wa Kenya kwa miongo mingi, na wamejifungua. Kama ingekuwa inaamsha mwili dhidi ya homoni inayoishikilia mimba, wa kwanza kuona madhara wangekuwa ni hao hao. Lakini haitoshi kusema hayasimami. Lazima tuulize kwa nini yalishika, na hapa ndipo wengi wa wenzangu katika taaluma ya afya ya jamii hupita haraka mno.

Yalishika kwa sababu yalikuwa na chembe ya kweli. Mtafiti wa Kihindi G. P. Talwar na wenzake mjini New Delhi walikuwa kweli wametengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuiunganisha hCG na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, na mwaka 1994 wakachapisha matokeo yao. Ilikuwa dawa tofauti kabisa, iliyotolewa kwa wanawake walioijua na kuitaka, na uwezo wao wa kuzaa ulirejea kingamwili ziliposhuka. Msikilizaji wa Dandora hakuambiwa tofauti hiyo. Alichosikia ni kwamba utafiti upo. Tena Kenya ndiyo iliyotangulia nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara kuanzisha mpango wa taifa wa uzazi, mwaka 1967, na mazungumzo ya kupunguza watoto yamekuwa yakimfikia mwanamke wa kipato cha chini kutoka juu tangu wakati huo. Na katika mwaka ule ule wa 2014, wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI walifungua kesi katika Mahakama Kuu jijini Nairobi wakidai kwamba walifungwa uzazi bila ridhaa yao. Hofu ya kufungwa kizazi kwa siri haikuzuka hewani. Iliwakuta watu wenye sababu ya kuwa macho.

Jambo moja katika mzozo ule halijapewa uzito unaostahili. Maaskofu walisema hawapingi chanjo za kawaida. Vituo vya afya vya Kanisa viliendelea kuwachoma wajawazito sindano ya pepopunda kama ilivyokuwa siku zote. Walichokipinga ni kampeni: kwa nini wanawake tu na si wanaume, kwa nini dozi tano, kwa nini haraka, kwa nini hatukuulizwa. Maswali mawili ya kwanza yalikuwa na majibu ya kitabibu. Wanawake walilengwa kwa sababu mtoto hupata kinga kwa mama peke yake; dozi tano ndizo zinazomkinga mwanamke kwa miaka yake yote ya kuzaa. Majibu hayo yalikuja baada ya shutuma, na jibu linalofuata shutuma husikika kama utetezi. Laiti yangetangulia, ubishi ungebaki mdogo.

Ukitaka kuona kwamba kuulizwa na kuelezwa hubadilisha mambo, tazama mwaka 2021. Chanjo za Korona zilipowasili Machi, Chama kile cha Madaktari Wakatoliki kiliwaonya watu wasichanjwe. Safari hii maaskofu walitofautiana nacho waziwazi na kuwahimiza waumini wapate chanjo. Kanisa ni lile lile, nchi ni ile ile. Maaskofu walikuwa na maelezo mikononi, pamoja na msimamo wa Vatikani, na wakaamua.

Mjamzito hakuwa na bahati hiyo. Majaribio makubwa ya chanjo za Korona yalimwacha nje, kwa hiyo miezi ya mwanzo mwongozo ulikuwa wa kusubiri. Baadaye mwaka huo, ilipodhihirika kwamba Korona huongeza hatari ya mjamzito kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi na kujifungua kabla ya siku, akaambiwa achanjwe. Kwa macho ya mwanamke aliyeketi kwenye benchi la kliniki, wakubwa walikuwa wamegeuza maneno. Kusita kwake kulikuwa na mantiki.

Desturi ya kumwacha mjamzito nje ya utafiti ilitiwa nguvu na mkasa wa dawa ya thalidomide, iliyowazalisha kina mama maelfu ya watoto wenye ulemavu wa viungo mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Somo lililochukuliwa lilikuwa kumlinda mjamzito na utafiti. Somo lililopaswa kuchukuliwa ni kumlinda kwa utafiti, maana dawa ile haikuwa imechunguzwa ipasavyo kuhusu mimba kabla ya kuuzwa. Athari za kosa hilo zilionekana vibaya sana mashariki mwa Kongo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 uliwakuta wajawazito wamezuiwa kupata chanjo, ilhali Ebola huua wengi wao na karibu watoto wote walio tumboni. Uamuzi huo ulibadilishwa mwaka 2019, wengine wakiwa wamekwisha kuzikwa. Ni kweli zipo chanjo zisizofaa wakati wa mimba, kama ile ya surua na rubela, iliyo na virusi hai vilivyodhoofishwa. Lakini tofauti kati ya "imechunguzwa na haifai" na "haijachunguzwa" ni kubwa, na mjamzito anastahili kuambiwa ni ipi kati ya hizo mbili.

Sasa turudi Eastlands, kwenye nyumba ya chumba kimoja ambako uamuzi huu hufanyika. Mjamzito haamui peke yake. Yupo mume ambaye hakuja kliniki kwa kuwa ni siku ya kibarua Industrial Area, yupo mama mkwe anayepiga simu kutoka ocha, yupo jirani wa plot aliyepata homa na mkono kuvimba baada ya sindano yake, yupo mchungaji. Vitabu vingi vya afya huwataja hawa kama vizuizi. Mimi nawaona kama kikao ambacho mama hurudi kukitolea hoja, na tunampeleka huko mikono mitupu. Akiulizwa na mumewe, "Walikudunga nini?", hana jibu ila tarehe iliyo kijitabuni.

Wapo watakaosema kwamba kumwomba ridhaa kila mama kutapunguza idadi ya wanaochanjwa, na kwamba muuguzi mwenye foleni ya wanawake tangu asubuhi hana nafasi ya mazungumzo. Pingamizi la pili ni la kweli, na jawabu lake ni kuajiri wauguzi. La kwanza hukanushwa na kliniki hiyo hiyo. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inataka ridhaa na ushauri kwa anayepimwa, na kipimo hicho kina aibu na woga kuliko sindano yoyote ya pepopunda. Hata hivyo idadi kubwa mno ya wajawazito nchini hupimwa, baada ya kuketishwa na kuelezwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliupanua wajibu huo: mtoa huduma anatakiwa kumweleza mgonjwa huduma anayopewa, manufaa na hatari zake, kwa lugha anayoielewa, na kupata ridhaa yake. Chanjo haikutolewa nje ya sheria hiyo.

Suala hili halitangoja. Mei 2025 Shirika la Afya Duniani lilichapisha msimamo wake likipendekeza mataifa yawakinge watoto wachanga dhidi ya kirusi cha njia ya hewa kiitwacho RSV, ambacho huua takriban watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka, karibu wote katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mojawapo ya njia zilizopendekezwa ni kumchanja mama kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Watafiti wa Kilifi wamekichunguza kirusi hicho kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo Kenya ina ushahidi wake yenyewe wa kumwonyesha mama. Chanjo hiyo itakapofika hospitali za Mama Lucy na Pumwani na vituo vidogo vya Kariobangi, itakuwa mpya, itatolewa kwa wanawake peke yao, na itatolewa wakiwa wajawazito: yale yale yaliyozua maswali mwaka 2014. Kaunti ya Nairobi inaweza kujiandaa kuanzia sasa kwa sindano iliyopo. Muuguzi aseme jina la ugonjwa, aeleze kinga inavyomfikia mtoto, ataje maumivu ya mkono na homa ndogo inayoweza kufuata, aulize kama mama ana swali na kama anakubali, na atakayeomba kwenda kuzungumza na mumewe apewe siku ya kurudi bila kugombezwa.